Taji Ni la Mwenye Masikio

Mwalimu,

Najua ungekuwa karibu ungeshanyoosha mkono uichukue karatasi hii, uisahihishe kwanza, ndipo uisome. Leo huwezi. Leo naandika nitakavyo, na nukta nitaziweka pale pumzi inapokata. Unanijua, mimi ni mtu wa kusema, si mtu wa kuandika. Miaka yote hii nimezunguka Arua na spika juu ya pikipiki, natangaza chanjo, minada, mbuzi waliopotea na watu waliokufa, na sijawahi kuona haya mbele ya yeyote. Lakini kukuandikia wewe, nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilikuwa chetu. Kilugbara changu ni cha sokoni, ulikuwa ukikisikia unacheka. Na Kinubi chako, Mungu akusamehe, kiliwafanya mama zetu Wanubi wa mtaani wajifunike uso kwa mitandio. Kiswahili hakikuwa cha mama yangu wala cha mama yako, kwa hiyo hakuna aliyekuwa mwenye nyumba wala mgeni.

Nianze na mazishi. Nilikutangaza mimi mwenyewe, bure, kutoka mjini mpaka kwako Pajulu, na sauti haikutetemeka. Ila nilikosea. Ulimi umezoea. Kila mwaka mimi ndiye niliyekuwa napita na kusema, "Mwalimu Anguyo anawaalika nyote kwenye mkutano wa chama nyumbani kwake." Basi siku hiyo nimefika pale kwenye njia panda, nimewasha spika, nimejaza kifua, nikasikia nasema, "Mwalimu Anguyo anawaalika nyote kwenye mazishi yake." Watu wakasimama. Mama mmoja muuza nyanya akasema, "Huyo Mwalimu, hata kufa anaitisha mukutano." Nikazima spika nikalia palepale juu ya pikipiki, huku nacheka, na sijui kipi kilitangulia.

Watu walikuja, Mwalimu. Ungeona. Wanafunzi wako wa zamani, wengine na vitambi, walisimama mpaka barabarani. Na chama chetu kilikuwepo chote, tawi la Arua na tawi la Koboko, tumekaa chini ya turubai letu, tumevaa vizuri, na tumefunga midomo kama ulivyotuamuru katika sheria yako. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Shemeji zako, ndugu za mke wako Mama Letasi waliotoka Omugo, walitutazama kwa muda. Wakaona kila mtu anapewa kipaza sauti, anakusifu, analia, anakaa. Sisi kimya. Mkubwa wao akanijia, macho mekundu, akaniuliza, "Nyinyi watu ya chama, mutu yenu imekufa na hamusemi kitu? Iko kosa gani alifanya?" Ikabidi nimvute pembeni nimweleze habari yote tangu mwanzo, mimi na koo langu hili, kwa kunong'ona!

Nikamweleza kwamba ulikuwa mwalimu wa historia na ulikuwa na kitabu kimoja kisicho na jalada, kinachohusu Wayunani wa kale, na kwamba kitabu hicho ulikipenda kuliko redio. Nikamwambia kwamba Wayunani hao, mbali na wafalme na majenerali wao, walikuwa na vyama vidogovidogo vya watu wa kawaida: wafanyabiashara, mafundi, mabaharia, wageni, hata watumwa walioachwa huru. Walichanga, walikula pamoja, walizikana. Na mwenzao akifanya jema, walikaa kikao, wakapiga kura, wakamvika taji la majani, mpiga mbiu akalitangaza jina lake mbele ya watu, kisha wakachonga habari hiyo kwenye jiwe, ili kila apitaye ajue kwamba chama hiki kinajua kushukuru. Shemeji akaniuliza kama Wayunani hao ni watu wa upande wa Kongo. Nikasema ni mbali zaidi.

Nikamweleza pia siku ile ya Ajia, tulipoenda kumzika yule mkunga mzee. Unakumbuka? Mstari wa watu wa kumsifu ulikuwa mrefu kuliko mstari wa chakula. Mmoja kasema mama alimzalisha, mwingine kasema mama alimwokoa, mwingine kazimia. Na wewe ulikuwa unamjua mama yule, ulikuwa unampelekea chumvi na sabuni, na alikuwa amekuambia kwamba hata salamu hapewi. Ukanishika mkono ukasema, "Rajabu, huyu mama iko ndani ya sanduku, na sasa ndiyo wanamushukuru. Nani anasikia?" Ulikasirika mpaka ukakataa kula. Wiki iliyofuata ukatuita nyumbani kwako ukatusomea kitabu chako, na Chama cha Kuzikana na Kushukuriana kikazaliwa. Sheria ya kwanza uliiandika kabla hata hatujapata jina: taji ni la mwenye masikio yanayosikia, aliyekufa azikwe vizuri, aliliwe, aachwe apumzike, na mwanachama yeyote asisimame kumsifu.

Shemeji alisikiliza yote. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi huyo shemeji yangu alikuwa mutu mugumu kabisa." Akaenda akakaa.

Halafu akasimama diwani. Sitamtaja, unamjua, yule ambaye hajawahi kukanyaga kwako isipokuwa karibu na uchaguzi. Akakusifu kwa ukulima wako hodari wa tumbaku. Tumbaku, Mwalimu! Wewe ambaye moshi ulikuwa ukikufanya upige chafya mpaka miwani inaanguka. Akasema ulimwambia maneno ya mwisho hospitalini, na maneno hayo yalikuwa kwamba watu wamchague tena. Nikamtazama Candia, fundi baiskeli, mtu wa sheria kuliko wewe mwenyewe. Candia akanitazama. Sheria ilituzuia kusema. Haikutuzuia kuchomoa waya. Spika ilikuwa yangu, betri ilikuwa yangu, na nasema kwa kiapo kwamba waya ulichomoka wenyewe baada ya mimi kuuvuta. Diwani aliendelea kufungua na kufunga mdomo kwa muda, kisha akakaa.

Tukakuzika vizuri. Tulikulilia, hilo uliliruhusu, na tuliitumia ruhusa hiyo mpaka mwisho.

Sasa sikia habari yenyewe. Baada ya arobaini, tulikwenda mimi na Hajati Sauda, kiongozi wa tawi la Koboko, kumsalimia Mama Letasi. Tumekaa barazani, tunakumbuka mambo, tunacheka. Tunakumbuka siku ya taji la Candia, tulipochuma majani ya mchungwa bila kuyakung'uta, yamejaa majimoto, na wewe ulikuwa umeshatuambia kwamba anayevikwa taji hatikisiki mpaka azimio lisomwe lote. Na azimio lile ulikuwa umeliandika refu! Candia alisimama wima, machozi yanamtiririka, watu wakasema jamani fundi ameguswa moyo, kumbe alikuwa anaumwa shingo na masikio na siafu hao wa mitini. Tunakumbuka taji la mpera ambalo beberu wa jirani alilila kichwani mwa mwalimu wa kwaya. Tunakumbuka siku uliyonitoza jogoo kwa sababu nilisahau kutangaza majina ya waliovikwa zamani, ukasema hata Wayunani walimtoza faini mpiga mbiu mzembe. Jogoo yule tulimla wote, na mimi nilipewa shingo.

Na tulimcheka Hajati pia, naye alikuwepo akicheka. Maana Koboko walilipokea jambo hili la mataji kwa mikono miwili na miguu. Arua tulikuwa tunamvika taji mtu mmoja kwa mwaka. Koboko walimvika aliyechimba kisima, sawa. Halafu wakamvika aliyekopesha dume lake la ng'ombe. Halafu dume lenyewe. Ulimwandikia Hajati barua kali kuhusu dume. Akakujibu kwamba dume lina masikio, tena makubwa.

Katikati ya kicheko hicho Mama Letasi akasema, kama mtu anayesema kwamba mvua itanyesha, "Lakini yeye mwenyewe hamukumuvika hata mara moja."

Hajati akaweka kikombe chini.

Akaendelea kupepeta karanga zake. Akasema, "Kila mwaka, mbele ya mukutano, anaenda kwa kinyozi. Namwambia, baba, nywele bado iko fupi. Ananiambia, kama wataniita, nywele isisumbue taji."

Mwalimu! Wewe mtu wewe! Kila mwaka! Na mimi nilikuwa nakuona umenyolewa, unang'aa, koti limepigwa pasi, nikawa nasema moyoni mwenyekiti wetu ni nadhifu. Unasimama pale mbele unauliza kwa sauti yako ya darasani, "Nani anastahili shukrani mwaka huu?" na unatungoja. Sisi tunatazamana. Huyu anamtaja huyu, yule anamtaja yule. Hakuna aliyekutaja, kwa sababu ulikuwa wewe ndiye unayeuliza! Tulidhani uko juu ya mambo hayo. Tulidhani mwenye kugawa chakula ameshakula. Hajati alijipiga paja akasema kinyozi hajinyoi, na sisi wote tumemwacha na nywele zake.

Nilikukasirikia sana siku ile, na niko tayari kukasirika tena. Kwa nini hukukohoa? Kwa nini hukuniambia mimi, Rajabu, niliyekunywa nawe chai ya kutosha kujaza Mto Enyau? Ungesema tu, "Rajabu, na mimi pia." Ningepiga mbiu mpaka Vurra wafunge maduka. Lakini hapana, Bwana Historia hawezi kuomba, kwa sababu taji la kuomba si taji. Najua ungesema hivyo. Na ungekuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Basi tukabaki na tatizo, na ni wewe uliyetuachia. Tunataka kukuvika taji, tunataka sana. Na sheria yako mwenyewe inasema waliokufa hawavikwi. Kuivunja ni kukutukana. Kutoivunja ni kukuacha hivyohivyo, mtu aliyewashukuru wote akaondoka bila kushukuriwa. Mimi nilikosa usingizi. Napita mjini natangaza mnada wa ng'ombe huku akili iko kwako, siku moja nikatangaza mnada wa walimu.

Hajati hakukosa usingizi. Hajati alirudi Koboko, akakusanya tawi lake, na bila kutuambia neno wakampata fundi, wakachonga jiwe. Jiwe zuri, Mwalimu, la kijivu, kubwa kama mlango wa banda. Wakaandika jina lako, na chini yake: CHAMA HIKI KINAJUA KUSHUKURU. Wakalipakia kwenye pikapu katikati ya magunia ya simsim, na asubuhi ya mkutano wa mwaka wakaingia nalo Pajulu, wanapiga vigelegele, na taji la majani ya mpera liko tayari ndani ya beseni, limekung'utwa vizuri.

Candia akasimama mlangoni mwa uwanja wako akasema hilo jiwe halishuki.

Mkutano ule, aisee. Turubai lilitaka kupasuka. Arua wakasema sheria ni sheria, tukiivunja kwa Mwalimu, kesho diwani atataka jiwe. Koboko wakasema Mwalimu si mtu wa kesho, Mwalimu ni Mwalimu. Hajati akaleta hoja ya dini: kwamba maiti husikia nyayo za waliomzika wanapoondoka kaburini, kwa hiyo wewe ulikuwa bado na masikio hata baada ya kuzikwa, na sisi tumechelewa kidogo tu. Candia akasema kuchelewa ni kuchelewa, basi likiondoka limeondoka. Mzee mmoja wa Koboko akapendekeza tuseme kwamba kura ilipigwa ukiwa bado hospitalini. Watu wakapiga kelele kwamba huo ni uwongo. Akasema ni uwongo mdogo, wa heshima. Mtu akauliza Wayunani wangefanya nini, na hapo wote tukakumbuka kwamba anayejua ni wewe.

Tukapiga kura. Kwa mkono, kama kawaida. Nikahesabu, Hajati akahesabu. Zikalingana! Arua wote huku, Koboko wote kule, hakuna hata mmoja aliyehama.

Na sheria yako inasema kura zikilingana, mwenyekiti anaamua.

Sote tukageuka tukatazama kiti chako. Hakuna aliyekuwa amekigusa. Kilikuwa pale mbele, na koti lako limetundikwa mgongoni mwake. Nilisikia mtu anavuta kamasi upande wa Koboko, kisha upande wa Arua.

Wakati huo Mama Letasi akatoka jikoni. Alikuwa tangu alfajiri na moto, na enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, wa kulisha matawi mawili yenye hasira. Mwiko uko mkononi. Akapita katikati yetu, akajifuta jasho, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, akakaa kwenye kiti chako.

 Candia, mtu wa sheria, akasema taratibu, "Basi mwenyekiti ameketi." Tukamweleza Mama hoja zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, na sitayasahau maneno yake mpaka ninyi mnipokee huko, "Taji hapana. Yeye alitaka kusikia. Sasa hasikii. Musimudanganye, na musijidanganye."

Ndiyo ikawa kura. Hakuna aliyebisha. Hajati aliinamisha uso ndani ya beseni la taji akalia kwa sauti, na mimi nikawa nafikiri, haya, imekwisha, Mwalimu ameshinda hoja hata akiwa kaburini na amekosa taji lake palepale.

Halafu nikamwangalia mwanamke yule kwenye kiti. Mwiko bado mkononi, majivu kwenye nyusi. Nikajiuliza, Rajabu, huyu amevikwa lini?

Nikanyoosha mkono. Mimi, mpiga mbiu, ambaye siku zote kazi yangu ni kutangaza yaliyoamuliwa na wengine. Nikasema, "Napendekeza Mama Letasi." Akageuka nyuma kumtafuta Mama Letasi mwingine. Akasema, "Mimi nimefanya nini?"

Basi wakaanza. Sikuwahi kuona. Candia akasema kwa kuwa mama huyu amepika kila mkutano tangu chama kianze na hajawahi kuitwa aketi. Mama mmoja wa Koboko akasema, "Kwa kuwa nilipofiwa na mwanangu alikuja kwa miguu, akakaa nami, hakusema kitu, akanishika tu mguu." Mwingine akasema kwa kuwa amesuka mikeka yote tunayokalia. Mwingine akasema kwa kuwa amewavumilia Wayunani nyumbani mwake miaka yote hiyo na hajamfukuza hata mmoja. Kura haikuhesabiwa, mikono yote ilikuwa juu, hata ya shemeji zako wa Omugo, ambao si wanachama.

Hajati akachukua lile taji akaliweka juu ya kitambaa cha kichwa cha Mama Letasi. Lilikuwa kubwa kidogo, lilikuwa la kipimo chako, likashuka mpaka kwenye nyusi. Nikawasha spika. Nikasoma kama ulivyonifundisha, kwa kuwa hivi, kwa kuwa vile, imekipendeza chama kumsifu Mama Letasi na kumvika taji, ili watu wote wajue.

Nilipomaliza akaniambia, "Rudia. Sikusikia vizuri."

Mwalimu, mwanamke yule anasikia kifaranga kilichopotea kwa jirani! Nikarudia. Akakaa wima, mikono magotini, macho mbele. Nikamaliza. Akasema, "Tena. Na hiyo spika, uigeuze upande wa barabara." Nikaigeuza. Nikapiga mbiu mpaka waendesha boda wakasimama na abiria wao, na yule mama wa nyanya akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Mama Letasi alikuwa analia na kucheka, na taji limemziba jicho moja, na hakuna aliyethubutu kulinyanyua kwa sababu anayevikwa hatikisiki.

Likabaki jiwe. Watu wa Koboko hawarudishi kitu, unawajua, na pikapu ilikuwa inataka kuondoka na simsim yake. Fundi wa jiwe, aliyekuja nao, akasema upande wa pili ni laini. Basi pale uwanjani kwako, tukiwa tunakula, akachonga upande wa pili jina la Mama Letasi na maneno ya azimio, na alama ya mwiko, ambayo hatukumwomba. Jioni tukalisimamisha barazani, uso wake kwenye njia, mgongo wake kwenye ukuta. Jina lako linatazama ukuta. Hakuna anayelisoma, hakuna anayelitangaza. Candia alilizunguka mara kadhaa kutafuta kosa, akakubali kwamba sheria haijaguswa.

Ila fundi huyo wa jiwe, sijui kwa makusudi, sijui kwa uzembe, hakulibana lile jiwe na ukuta. Ameacha nafasi ya upana wa mkono. Na nimeanza kuona jambo. Mtu akija kwako kumsalimia Mama, anasimama pale kidogo, anaegemea, anazungumza habari za mvua na za watoto, na mkono wake mmoja uko nyuma ya jiwe. Candia mwenyewe nimemkuta. Aliniambia anakagua saruji. Nikamwambia sawa, fundi, endelea kukagua. Alipoondoka, mimi nami nikakagua. Herufi zako zimechongwa kwa kina, Mwalimu. Zinasomeka kwa vidole.

Nakuahidi jambo moja, na ni gumu kwa mtu wa kazi yangu. Katika mji huu, yeyote nitakayepita kumtangaza kwamba amekufa, niwe nimeshamwambia neno lake zuri akiwa hai, mimi na yeye, uso kwa uso, bila spika. Nimeanza. Jana nilimwambia Candia kwamba ni mwaminifu na kwamba baiskeli za mji huu zinasimama kwa ajili yake. Alinitazama sana, akaniuliza kama nimepimwa malaria. Lakini baadaye nilimwona anapiga mluzi.

Haya niliyoyaandika hapa si tangazo, ni barua. Nimeisoma sheria yako yote, barua hukuikataza.

Pumzika, ndugu yangu. Siwezi kukutangaza, kwa hiyo nakwambia taratibu, sisi wawili tu, na kama hakuna anayesikia, basi na iwe hivyo: ulitufundisha kuwashukuru watu wakiwa hai, tukamshukuru kila mtu, na dume la Koboko, isipokuwa wewe. Asante, Mwalimu. Asante sana.

Mimi rafiki yako,
Rajabu